Kivumbasi: Nguvu ya Harufu na Mipaka Yake

Ukiuliza kivumbasi ni dawa ya nini, jibu hutegemea umemuuliza nani. Muuza dawa za miti sokoni ataanza na mafua na kikohozi, aendelee na tumbo, chango na homa, kisha amalizie na kisukari na presha. Mama anayelima mahindi atakwambia ni cha kuwekea ghalani. Mfugaji atakutajia kupe. Watu wengi wa Pwani watajibu kwa neno moja: mbu. Wote wanazungumzia kichaka kinachoota chenyewe kando ya njia, kwenye mashamba yaliyolala na pembezoni mwa misitu, ambacho nguo ikigusa tu majani yake unanukia mpaka ufike nyumbani.

Orodha ndefu namna hii huwagawa watu makundi mawili. Wapo wanaoikubali yote kwa kuwa wazee waliitumia, na wapo wanaoitupa yote kwa hoja kwamba dawa ya kila kitu si dawa ya chochote. Wote wanafanya kosa moja: wanatoa hukumu moja kwa matumizi kumi yasiyofanana. Kuweka jani kwenye gunia la mahindi na kunywa maji ya jani hilo kwa ajili ya malaria ni mambo mawili tofauti kabisa, na ushahidi wa moja hauwezi kulibeba jingine.

Uchambuzi huu una kipimo chake. Nguvu ya kivumbasi iko kwenye harufu, yaani kwenye mafuta mepesi yanayoruka hewani jani linapopondwa au kupashwa moto. Kwa hiyo kila tumizi tulipime kwa umbali wake kutoka kwenye harufu hiyo. Pale ambapo mafuta yanamfikia mdudu, ngozi au pua moja kwa moja, ushahidi ni mwingi. Kadiri tunavyoingia ndani ya mwili, ushahidi unapungua na hatari inaongezeka.

Kichaka kimoja au vitatu?

Kabla ya kupima lolote inabidi tujue tunapima nini, na hapa ndipo mijadala mingi inapoharibika mapema. Jina kivumbasi, pamoja na mvumbasi, mrumbasi na mrehani-mwitu, hubeba mimea isiyopungua mitatu ya jenasi ya Ocimum, ndugu wa damu wa rehani ya bustanini na jamaa wa mnanaa.

Wa kwanza ni Ocimum gratissimum, kichaka kinachoweza kumpita mtu urefu. Shina lake huwa gumu kama mti karibu na ardhi, majani yana meno pembeni, na harufu yake mara nyingi hukumbusha karafuu. Vitabu vya zamani vilikiita Ocimum suave kile cha kwetu, hadi mtaalamu wa mimea Alan Paton alipopanga upya jenasi hii kwa Afrika mwaka 1992 na kuviweka pamoja. Waganda hukiita mujaaja na hukitia kwenye chai, Wakikuyu mukandu, na huko Nigeria Wayoruba hukiita efinrin na kukitumia jikoni na kwenye tiba. Wa pili ni Ocimum kilimandscharicum, uliopewa jina la mlima wetu. Majani yake yana vinyweleo vinavyoyatia rangi ya kijivujivu, na harufu yake ni ya kafuri, ileile inayojulikana na kila aliyewahi kuandaa maiti kwa mazishi ya Kiislamu. Wa tatu ni Ocimum americanum, mmea mdogo wa kimo cha goti ambao mara nyingi hufa baada ya msimu mmoja.

Alama za ukoo ni rahisi kuzishika. Viringisha shina changa kati ya vidole viwili, utahisi pembe nne. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, na kila jozi hukata msalaba na jozi iliyo chini yake. Maua ni madogo, meupe au ya kijani hafifu, yamepangika kwenye kishada kirefu juu ya tawi, na nyuki hawabanduki hapo. Ila kujua ukoo hakutoshi. Anayenunua fungu la majani makavu hana njia ya kuona kama ni la karafuu au la kafuri, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua litafanya nini.

Ndani ya jani

Ukiliweka jani la kivumbasi chini ya kioo cha kukuzia na kulielekeza kwenye mwanga, utaona nukta nyingi ndogo zinazong'aa, hasa upande wa chini. Ni vifuko vya mafuta. Jani likitulia, vifuko vimefungwa na harufu ni kidogo. Likisuguliwa au likitafunwa na mdudu vinapasuka, na yaliyomo huruka hewani papo hapo. Kwa mmea wenyewe huo ni ulinzi: mdudu anayeuma hupata mdomo uliojaa kemikali. Binadamu ameazima silaha ambayo mmea ulijitengenezea wenyewe.

Mafuta hayo huwa chini ya asilimia moja ya uzito wa majani mabichi, na si kitu kimoja. Ndani yake mna makumi ya kemikali, ila kwa kawaida moja au mbili hutawala. Kwenye vivumbasi vingi vya Afrika Mashariki vya aina ya gratissimum inayotawala ni eujenoli, ambayo ndiyo roho ya karafuu za Unguja na Pemba. Kwenye mimea ya sehemu nyingi za Afrika Magharibi ni thaimoli, inayopatikana pia kwenye zaatari na ajwani. Kwenye kilimandscharicum mara nyingi ni kafuri. Mimea miwili ya jina moja, inayofanana kwa macho lakini iliyotoka nchi mbili tofauti, inaweza kuwa na kemia mbili tofauti.

Hata mmea mmoja haukai hali moja. Mwaka 1999 wanakemia wa Brazil, ambako Ocimum gratissimum hustawi na hutumika sana, walichapisha vipimo vya majani yaliyochumwa saa mbalimbali za siku moja. Mafuta ya majani ya adhuhuri yalikuwa na eujenoli kiasi cha asilimia 98. Majani ya saa kumi na moja jioni yalikuwa na asilimia 11. Waganga wa sehemu nyingi huwa na masharti ya saa ya kuchuma dawa, na wasomi wamezoea kuyacheka. Si kila sharti lina mantiki ya kikemia, lakini kipimo hicho kinaonyesha kwamba saa ya kuchuma si upuuzi.

Matokeo yake kwa mtumiaji ni mazito. Vijiko viwili vya unga wa kivumbasi kutoka kwa wauzaji wawili vinaweza kutofautiana mara nyingi kwa nguvu, na pengine kwa aina ya kemikali. Ukianika majani juani kwa wiki nzima, sehemu kubwa ya dawa imeshaondoka na upepo. Anayesema kilimponya na anayesema hakikumsaidia kitu wanaweza wote kuwa wakweli.

Kwa wadudu ndipo kilipo imara

Tuanze palipo imara. Huko mashambani, matumizi yanayoeleweka vizuri ni ya kuhifadhi nafaka. Mkulima hutandika majani chini ya ghala au kihenge, kisha huweka tabaka la mahindi na tabaka la majani kwa kupokezana, au huyachanganya na jivu. Adui ni fukusi, yule mdudu mdogo wa kahawia mwenye pua ndefu anayetoboa punje na kuacha vumbi.

Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, kiliuchukua ujuzi huo na kuupeleka maabara. Mwaka 1990 Ahmed Hassanali na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha majani ya Ocimum suave na karafuu, kwa kuwa zote mbili zilikuwa zikitumika kulinda nafaka katika sehemu za Afrika Mashariki. Walikuta kwamba eujenoli ndiyo mojawapo ya kemikali zinazomfukuza fukusi katika zote mbili. Mwenye mikarafuu Pemba na asiye na mkarafuu bara walikuwa wanatumia dawa moja bila kuambiana.

Sababu ya wadudu kuathirika kuliko sisi nayo imeanza kujulikana. Wadudu huendesha sehemu ya mishipa yao ya fahamu kwa kemikali iitwayo oktopamini, ambayo kwa mnyama anayenyonyesha haina kazi kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba eujenoli na kemikali za jamii yake huvuruga mfumo huo.

Udhaifu wake ghalani unatoka palepale penye nguvu yake. Kitu kinachoruka hewani kinaisha. Majaribio ya kafuri ya kivumbasi dhidi ya wadudu wa ghala, akiwemo dumuzi aliyeingia Tanzania kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, yalionyesha kwamba inaua, lakini nguvu hushuka upesi. Kwa magunia mawili ya chakula cha miezi miwili, majani yanayobadilishwa mara kwa mara yanatosha kupunguza hasara. Kwa mkulima anayengoja bei ipande kwa miezi minane, mfuko usiopitisha hewa ni kinga bora zaidi.

Kwa kupe hali ni hiyohiyo. Kupe wa masikio ndiye anayeeneza ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama wengi Afrika Mashariki. Mwaka 1995 watafiti wa Kenya walichapisha majaribio ya mafuta ya Ocimum suave juu ya kupe huyo: mchanganyiko wa asilimia 10 uliua kupe wote wachanga na zaidi ya asilimia 70 ya wakubwa waliokuwa wakifyonza damu za sungura. Ni matokeo ya kuheshimika. Lakini mafuta ya kukamuliwa si majani ya kusugua mgongoni mwa ng'ombe, na mfugaji mwenye ng'ombe thelathini hana jinsi ya kupata mafuta ya kutosha kila wiki. Kwa mbuzi watatu wa nyumbani, au pale josho lilipo mbali, kusugua majani kwenye masikio na chini ya mkia kuna maana.

Sasa mbu, ambao kwa wengi ndio sababu ya kukiacha kivumbasi kiote karibu na dirisha. Hapa swali la namna ya kukitumia lina uzito kuliko swali la kama kinafaa. Mapema miaka ya 2000, watafiti waliofanya kazi Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, walijenga vibanda ndani ya nyumba za wavu na kujaribu njia tatu dhidi ya mbu wa malaria. Ocimum americanum uliooteshwa kwenye chungu, bila kuguswa, ulipunguza kuumwa kwa karibu asilimia 40. Majani ya suave na ya kilimandscharicum yaliyopashwa juu ya bati lenye joto, bila kuunguzwa, yalipunguza kwa takriban nusu. Kuyachoma majani hayohayo motoni kulifanya vibaya zaidi kuliko kuyapasha, jambo linaloeleweka: moto huyateketeza mafuta kabla hayajamfikia mbu.

Nchini Tanzania, utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2008 ulipata kinga ya zaidi ya asilimia 80 mafuta ya suave na ya kilimandscharicum yalipopakwa kwenye ngozi za watu waliojitolea. Hapo tena ni mafuta safi, na kinga ya saa chache.

Weka namba hizo pamoja, utapata hukumu iliyo wazi. Kivumbasi hupunguza mbu, hakiwamalizi. Anayeng'atwa mara kumi kwa usiku akabaki na mara tano bado anaweza kupata malaria kwa mojawapo ya hizo tano. Mahali pake ni pale ambapo chandarua hakifiki: jioni barazani, wakati wa kupika nje, kwenye lindo la shamba. Anayekifanya mbadala wa chandarua amekiomba kazi kisichoiweza.

Mpakani: pua, ngozi na meno

Kutoka kwa mdudu tunahamia mwili wa binadamu, lakini kwanza mlangoni. Mtaalamu wa mimea Mkenya John Kokwaro, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, aliandika kwamba majani ya kivumbasi hufikichwa viganjani na kunuswa na mtu aliyezibwa pua. Ndugu ya hilo ni nyungu: sufuria ya majani yanayochemka, shuka la kujifunika, jasho. Mwaka 2020, korona ilipoingia, kujifukiza kulitoka uani kukawa habari ya kitaifa Tanzania, na kivumbasi kikapakiwa kwenye mafungu pamoja na mchaichai, mkaratusi na majani ya limau.

Je, pua huzibuka kweli? Watafiti wa Uingereza walilipima swali hili mwaka 1983 kwa mvuke wa kafuri, mkaratusi na mentholi. Waliovuta mvuke walihisi hewa inapita vizuri zaidi. Vipimo vya upinzani wa hewa puani havikuonyesha mabadiliko. Harufu hizi zinagusa vipokezi vya mishipa ya fahamu na kuupa ubongo taarifa ya ubaridi na uwazi. Kwa mtu anayehangaika na mafua hiyo ni nafuu halisi ya kumwezesha kupata usingizi. Lakini mvuke haukiondoi kirusi, na aliyejifukiza akajisikia vizuri bado anaweza kuambukiza.

Kwenye ngozi, ushahidi ni mzuri zaidi. Eujenoli na thaimoli huharibu utando wa nje wa bakteria, na maabara za Brazil na Nigeria zimeonyesha mara nyingi kwamba mafuta ya kivumbasi huzuia bakteria wa majipu na wa vidonda. Muhimu zaidi, Nigeria walitoka maabara wakaenda kwa watu. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Lara Orafidiya walichapisha jaribio la wanafunzi wenye chunusi: dawa ya kupaka yenye asilimia 2 ya mafuta ya Ocimum gratissimum ilipunguza chunusi upesi kuliko losheni ya kawaida ya hospitali waliyoilinganisha nayo. Jaribio moja halifungi mjadala, ila ni mfano wa jinsi dawa ya asili inavyopaswa kupimwa: aina ya mmea inajulikana, kiasi kinajulikana, na kuna cha kulinganisha nacho.

Meno hayahitaji hoja ndefu. Eujenoli ni ganzi hafifu na ni kiua bakteria, na madaktari wa meno huichanganya na oksaidi ya zinki kutengeneza kiziba cha muda cha jino. Anayetafuna jani la kivumbasi kwa ajili ya jino linalouma anapata kiasi kidogo cha dawa ileile. Maumivu yatapoa kwa muda. Tundu litabaki.

Ndani ya mwili ushahidi unapwaya

Tukimeza, mambo yanabadilika. Tumbo linalosokota na kujaa gesi ndilo lenye hoja bora. Watafiti wa Brazil walionyesha mwaka 2002 kwamba mafuta ya Ocimum gratissimum hulegeza misuli ya utumbo wa mnyama wa maabara. Kikombe cha chai ya mujaaja baada ya chakula kizito, kama wanavyofanya Uganda, kinaendana na matokeo hayo, na kiasi chake ni kidogo kiasi cha kutoleta wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya.

Malaria ni habari nyingine. Mwaka 2005 watafiti wa Kamerun walichapisha matokeo yanayonukuliwa mara kwa mara na wauzaji wa dawa: mafuta ya kivumbasi yalipunguza vimelea vya malaria kwa panya kwa karibu asilimia 78. Kinachoachwa ni sehemu ya pili ya sentensi. Kipimo kilikuwa miligramu 500 kwa kila kilo ya uzito wa panya, na klorokwini ya miligramu 10 tu ilivimaliza vimelea vyote. Tufanye hesabu. Kwa kanuni inayotumika kugeuza kipimo cha panya kuwa cha binadamu, tunagawa kwa 12 hivi. Mtu wa kilo 60 angehitaji gramu 2.5 za mafuta safi kwa siku. Kama jani lina nusu asilimia ya mafuta, hiyo ni nusu kilo ya majani mabichi, bila tone moja kupotea kwenye mvuke wa sufuria. Na kama mafuta hayo ni ya aina yenye eujenoli nyingi, atakuwa amepita mara zaidi ya kumi kiwango cha eujenoli ambacho kamati ya wataalamu ya FAO na WHO inakiona salama kwa siku, yaani miligramu 2.5 kwa kilo ya mwili. Kikombe cha chai hakifiki popote karibu na kipimo cha dawa. Ukikilazimisha kifike, umefika kwenye sumu.

Wengi hujibu kwa kutaja pakanga, Artemisia annua, nao pia ni mmea wa harufu kali na umetoa dawa kubwa ya malaria. Mfano huo unathibitisha kinyume cha wanachotaka. Artemisinini aliyoitenga Tu Youyou na wenzake China mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, si sehemu ya harufu ya pakanga. Ni kemikali isiyonukia na isiyoruka, na ilimbidi abadili namna ya kuikamua kwa sababu joto la kuchemsha lilikuwa linaiharibu. Harufu kali haikuwa ushahidi wa chochote. Na hata kwa pakanga, WHO haipendekezi chai ya majani kama tiba ya malaria, kwa sababu kipimo hakitabiriki na dozi hafifu huvizoeza vimelea dawa.

Kuhusu kisukari, zipo tafiti za Nigeria zilizoona sukari ikishuka kwa panya waliopewa dondoo la majani. Presha ipo kwenye hali hiyohiyo ya wanyama na maabara. Hizo ni sababu za kuendelea kutafiti. Mgonjwa anayeacha vidonge vyake kwa ajili ya unga wa kivumbasi anajifanyia jaribio ambalo halina daktari wala cha kulinganisha nacho.

Madhara yasiyosemwa

Msemo kwamba dawa za miti hazina madhara unavunjika hapa kuliko kwingine. Kafuri ikimezwa na mtoto mdogo inaweza kuleta degedege, hata kwa kiasi kidogo. Kwa sababu hiyo Marekani tangu miaka ya 1980 hairuhusu dawa za kupaka za dukani kuzidi asilimia 11 ya kafuri. Kivumbasi chenye harufu ya kafuri kisikamuliwe na kunyweshwa mtoto, na mafuta yake yasipakwe karibu na pua za mtoto wa chini ya miaka miwili. Kafuri hupita pia kwenye kondo la nyuma, hivyo mjamzito akae mbali na mafuta yake. Eujenoli safi kwa wingi huumiza ini, na mafuta yoyote kati ya haya yakipakwa bila kuchanganywa huunguza ngozi.

Nyungu nayo ina hatari yake ya kawaida: sufuria ya maji yanayotokota chini ya shuka, mara nyingi na mtoto mapajani. Na anayechoma majani ndani ya chumba kilichofungwa akumbuke kwamba moshi ni moshi. WHO inakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, hasa kutokana na kuni na mkaa, iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kupasha majani juu ya bati la moto kunaleta moshi kidogo zaidi na, kama Mbita walivyoona, kunafukuza mbu wengi zaidi.

Kutoka kichakani hadi kiwandani

Kakamega, magharibi mwa Kenya, imeonyesha kwamba kichaka hiki kinaweza kuwa uchumi. Wakulima wa kikundi cha Muliru, wanaoishi kando ya msitu, waliacha kuchuma Ocimum kilimandscharicum porini wakaupanda mashambani mwao. Majani hupelekwa kwenye mtambo wa kikundi, mvuke hupitishwa ndani yake, na mafuta yanayopatikana hutiwa kwenye dawa ya kupaka ya Naturub, kwa mafua, maumivu ya misuli na kuumwa na wadudu. Walisaidiwa kitaalamu na icipe, dawa ikasajiliwa na mamlaka za Kenya, na mwaka 2010 kikundi kikapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Tazama walichochagua kuuza: dawa ya kupaka na kunusa. Hawakutengeneza kidonge. Walisimama palepale ambapo ushahidi unasimama.

Wala wazo la kukilima si geni. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipovuruga biashara ya kafuri ya Asia ya Mashariki, kivumbasi cha Kilimanjaro kilitazamwa kwingine kama chanzo mbadala, na kililimwa India na hata Umoja wa Kisovieti. Kwetu, teknolojia ya kukamua mafuta kwa mvuke si ngeni pia. Kiwanda cha Wawi, Pemba, kinakamua mafuta ya makonyo ya karafuu, ambayo yamejaa eujenoli. Kivumbasi cha karafuu kinahitaji mtambo wa aina hiyohiyo, na kinaota bila kuhitaji miaka ya kungoja kama mkarafuu.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake, ina maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974. Kinachokosekana ni mambo madogo ya kila siku. Kopo la unga wa kivumbasi linalouzwa leo mtaani mara nyingi halisemi ni aina gani ya Ocimum, limevunwa wapi na lini, wala lina mafuta kiasi gani. Linasema tu linatibu nini. Kama msajili wa baraza hilo angeanza na sharti moja tu, kwamba kila kopo liandikwe jina kamili la mmea, tarehe ya kuvunwa na kiasi cha kemikali kuu, wauzaji wengi wangelazimika kupima kwa mara ya kwanza, na wanunuzi wangejua wanalipia nini.

Hadi siku hiyo, msomaji ana kipimo kinachotosha. Kivumbasi kipandwe uani, pembeni mwa baraza na mpakani mwa shamba la mahindi. Majani mabichi yaende ghalani na kwenye bati la moto jioni, na machache kwenye kikombe tumbo likikusumbua. Mafuta yaliyochanganywa vizuri yapakwe mtu mzima. Homa ikipanda, kapime malaria. Na anayekuuzia kivumbasi cha kumeza kwa ugonjwa wa damu, ini au sukari, muulize maswali matatu: ni aina gani, kiasi gani, na nani alikipima kwa watu? Asipokuwa na jibu hata la swali la kwanza, weka pesa yako mfukoni.